Ushungi Kabla ya Shikamoo

Nilipoambiwa kwamba nimechaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya siku tano ya kujiandaa na magonjwa ya mlipuko, jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Mganga mfawidhi wa kituo chetu alidhani namtania. Watu hugombania mafunzo, wengine hununiana mwezi mzima kwa sababu ya kuachwa, na mie niliyebakisha miaka michache kustaafu naletewa barua mkononi na kuikataa. Nikamwambia awapeleke vijana. Akasema vijana hawakuwepo wodini wakati wa korona, mimi nilikuwepo. Hilo ndilo hasa lililonifanya nisitake.

Niseme mapema kilichokuwa kikinisumbua, msomaji asije akaniona mvivu. Mama mkwe wangu alikufa kwa korona, na wifi yangu aliniambia mbele za watu kwamba mimi ndiye niliyemletea. Nikaapa kwamba nilikuwa nikinawa mikono kila siku kabla ya kumgusa. Kiapo kile ndicho nilicholala nacho na kuamka nacho miaka yote hii. Sasa naitwa nikakae siku tano mbele ya watu wanaofundisha namna ugonjwa unavyohama kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mtu wa nyumbani. Niliogopa nitaambiwa kitu nisichotaka kukisikia.

Basi nilikwenda. Barua ya kazi ni barua ya kazi.

Mimi ni Mbondei wa Muheza. Kwetu mkubwa huamkiwa kwa mdomo na mambo yameisha. Nikaolewa mjini, mtaa wa Chumbageni, kwenye familia yenye asili ya Omani, watu waliokuwa na mashamba ya minazi na duka la vitambaa. Nilipoingia mimi mashamba yalikuwa yameshakwisha na duka limefungwa, lakini adabu ilikuwa imebaki yote, haikupungua hata chembe. Wiki ya kwanza ya ndoa niliingia ukumbini kwa mama mkwe, nikasema shikamoo, nikasimama. Hakuitika. Nikasema tena kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani hasikii vizuri. Akanyoosha mkono, mgongo wa kiganja ukiwa juu, akangoja. Mume wangu akanikonyeza kwamba unaushika, unaubusu. Nilipoinama, ushungi ukateleza mpaka mabegani. Mama mkwe akaurudisha mkono wake mapajani.

"Mtu haingii kwa mkubwa wake ushungi umelegea, mwanangu," akasema. "Rudi mlangoni uufunge, kisha uje."

Nilirudi, nikaufunga, nikaja. Nilikuwa na hasira, maana kwetu sikuwahi kurudishwa mlangoni na mtu yeyote, hata na mwalimu. Lakini nilijifunza. Kabla ya mwaka kwisha mikono yangu ilikuwa ikipanda yenyewe kila nilipokaribia mlango wa ukumbi. Vidole viwili chini ya kidevu, vuta, kaza, ingiza ncha pembeni. Ningeweza kuamshwa usingizini nikafanya vile vile.

Mume wangu alifariki tukiwa hatujajaaliwa mtoto. Watu wa pande zote mbili walitarajia nirudi Muheza. Eda ilipokwisha mama mkwe aliniuliza mara moja tu kama nataka kwenda kwetu, nikamjibu sitaki, na hatukulizungumza tena. Tukawa wajane wawili kwenye nyumba ya vyumba sita. Hakuwa mwanamke mwepesi kuishi naye, na mimi pia si mwepesi, kwa hiyo tulifaana. Iliki ikipungua kwenye chai alijua, ikizidi alijua. Alikuwa akinisema asubuhi na kuniombea dua jioni, mambo mawili hayo hayakugongana hata siku moja.

Miaka yake ya mwisho macho yalimfifia. Ulikuwa mtoto wa jicho tu, jambo la kutibika, lakini aliogopa kisu, na mimi muuguzi wa miaka mingi nilishindwa kumshawishi mtu wa nyumbani kwangu. Akawa ananitambua kwa mkono. Nikitoka kazini nilinawa kwenye ndoo ya barazani, kwa sabuni, mpaka viwikoni. Kisha naingia, naufunga ushungi pale mlangoni, nasema shikamoo mama, naushika mkono wake na kuubusu. Alikuwa akiushikilia mkono wangu kidogo kabla ya kuuachia. "Wanuka hospitali," alikuwa akisema, na hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake. Zilikuwepo siku nyingi ambazo mkono ule ndio pekee ulionigusa bila ya kutaka dawa au sindano.

Korona ilipokuja na wodi yetu ikajaa watu wa kukohoa, nilijiambia niache kumbusu mama mkono mpaka mambo yatulie. Nikawa nasimama mlangoni na kumwamkia kwa mbali, nimevaa barakoa. Nilimweleza sababu. Akasema amesikia. Kesho yake nilipomwamkia, mkono ukatoka tena. Ukakaa hewani, ukitafuta kushoto na kulia, kisha akaurudisha taratibu na kuufunika kwa kanga. Kesho kutwa vivyo hivyo. Nimeona mengi wodini, lakini sikuwahi kuona kitu kilichonishinda kukitazama kama mkono ule.

Siku ya saba wifi yangu alinipigia simu. Yeye ni binti wa pekee wa mama mkwe, ameolewa Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, na wakati ule alikuwa akija kila mwezi na samaki wa kukaanga na nazi za shamba. Siku hiyo hakunisalimu.

"Mama alia," akasema. "Asema humshiki mkono, wamfanya kama najisi ndani ya nyumba yake. Kama umechoka naye sema, nije nimchukue."

Nilitaka kumweleza, lakini simu ilikuwa imeshakatwa. Jioni ile nilinawa mara mbili. Nikaingia, nikamwamkia, nikaubusu mkono. Mama akaukamata wangu kwa mikono yake yote miwili na kukaa nao muda mrefu, na mimi nikajiona mjinga kwa zile siku saba.

Baada ya wiki mbili akaanza kukohoa.

Alifia hospitali, si kwenye wodi yangu. Mazishi yalifanywa haraka na kwa watu wachache, ndivyo ilivyokuwa siku zile, na wifi alipofika kutoka Ushongo jeneza lilikuwa limeshatoka. Hakumuona mama yake. Siku ya tatu, wanawake wakiwa wamekaa kwenye mikeka ukumbini na misahafu haijafungwa, akanigeukia na kusema, "Wewe ndiye umemletea mama ugonjwa, kutoka huko kazini kwako." Hakuna aliyeinua uso. Ile simu ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Ningeisema, wanawake wote wale wangemgeukia yeye. Sijui kwa nini sikuisema. Labda nilimuona macho yalivyomvimba. Nikasema tu, "Wallahi nilinawa. Kila siku nilinawa." Akasimama, akachukua mkoba wake, na tangu siku hiyo hajakanyaga tena Chumbageni. Sikukuu zilikuja zikapita. Nilimtumia ujumbe wa Idd mara mbili, halafu na mimi nikawa na kiburi changu.

Hivyo ndivyo nilivyobaki na vyumba sita. Nimevifunga vinne. Ukumbini kiti chake kipo pale pale, sikukitoa wala sikikalii.

Mafunzo yalifanyika hapa hapa mjini, kwenye ukumbi mkubwa wenye mapangaboi matatu, moja likiwa bovu, na bila shaka mimi nilikaa chini ya lile bovu. Tulikuwa watu kama ishirini, wauguzi, matabibu, watu wa maabara, dereva wa gari la wagonjwa. Mkufunzi alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, mwepesi wa maneno, aliyetuambia siku ya kwanza kwamba hatutaandika sana, tutatumia mikono. Nilimpenda kwa hilo. Nimeshachoka na mafunzo ya kukodolea ukuta.

Tukapangwa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa muuguzi wa zahanati ya Kigombe, Mdigo, mnene, mwenye mdomo usiopumzika. Alipojua mimi ni Mbondei akatangaza kwamba sasa amepata mtani wa kumtesa siku tano, na alitimiza ahadi. Siku mbili za mwanzo zilikuwa za kuvaa na kuvua lile vazi la kujikinga linalofunika mwili mzima. Kuvaa si kazi. Kazi ni kuvua, maana hapo nje ya vazi ndipo palipo na uchafu, na ukikosea kidogo unajipaka mwenyewe. Kwa hiyo kuna sheria kwamba hakuna anayevua peke yake. Lazima mwenzako asimame mbele yako, akutazame, akusomee hatua moja baada ya nyingine, na usiende ya pili mpaka aseme umeimaliza ya kwanza.

Mwenzangu wa Kigombe alizisoma hatua zangu kwa sauti ya yule mtu wa kipaza sauti anayepita mitaani kutangaza msiba. "Sasa! Inamisha kichwa! Shika miwani kwa nyuma! Nimesema kwa nyuma, Mbondei!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Nilikuwa nimelowa jasho ndani ya plastiki ile, viatu vya mpira vimejaa maji kama nimetoka baharini kuvua kamba, na nikajikuta sitaki amalize. Alikuwa ananitazama vidole vyangu kwa macho makali, asikose hata kimoja. Sijatazamwa hivyo tangu mama mkwe afe, na yeye mwenyewe alikuwa haoni.

Siku ya nne mkufunzi alisema leo hatuvai lile vazi kubwa, kwa sababu anajua vituo vyetu, na siku ugonjwa utakapofika mlangoni huenda tutakuwa na aproni, barakoa na glavu tu. Akatuonyesha chupa ya unga. Huo unga, akasema, ndio ugonjwa. Ukikushika huuoni, lakini chini ya taa yake maalumu unang'aa. Akamlaza kitandani mgonjwa wa mpira, akampaka unga ule, na kifuani akamwekea mpira wa kubonyeza ambao ukibinywa mgonjwa anakohoa, unga unaruka. Tukamhudumia mmoja mmoja. Nilimgeuza, nikamfuta, nikampima, na kila nilipoinama mkufunzi alibonyeza mpira wake.

Nilipomaliza nilivua glavu, nikavua aproni, nikavua barakoa kwa kamba, nikanawa. Nilinawa vizuri kuliko watu wote mle ndani, na nilifanya makusudi wanione. Kati ya vidole, chini ya kucha, mpaka viwikoni. Miaka yote nilikuwa nikiisubiri nafasi ya kunawa mbele ya mashahidi.

"Sasa nenda nyumbani," mkufunzi akasema.

Alikuwa ameweka kiti mwisho wa ukumbi. Kila mmoja alitakiwa atembee mpaka pale, amkute mtu wake wa nyumbani, afanye anavyofanya kila siku akirudi. Dereva alikuwa ameshamnyanyua mtoto wa kusadikika na kumrusha juu. Kwangu mimi akakaa mwenzangu wa Kigombe. Akauliza nakaa na nani, nikajibu kabla ya kufikiri kwamba nakaa na mama mkwe. Basi akajifunika kanga kichwani, akajikunja mgongo, akaanza kutikisa kichwa na kusema chai imepoa, wakwe wa siku hizi bure kabisa. Watu wakacheka. Nikatembea nikicheka na mimi. Nikafika kwenye kiti, nikasema shikamoo mama, akanyoosha mkono, nikaubusu.

Mkufunzi akafunga mapazia, akazima taa, akaja na ile taa yake ya zambarau.

Mikononi mwangu, kwenye vifundo na viganja na kucha, hapakuwa na kitu. Mkufunzi akanisifu. Lakini ncha za vidole viwili vya kila mkono ziling'aa kama nimeshika chokaa. Akaipandisha taa. Ushungi wangu ulikuwa umewaka kuanzia mashavuni mpaka kifuani, maana hapo ndipo mgonjwa alipokuwa akinikoholea nikiinama. Chini ya kidevu kulikuwa na alama za vidole. Akaishusha kwa mwenzangu. Mgongo wa mkono wake ulikuwa na alama zile zile za vidole vyangu, na katikati, pale nilipobusu, paling'aa pia. Midomo yangu mimi sikuiona, lakini niliona namna watu walivyoitazama.

"Umeshika wapi baada ya kunawa?" mkufunzi akauliza.

Nikasema sijashika popote. Nikamwambia kwa ukali, nakumbuka, hata akarudi nyuma kidogo. Mwenzangu wa Kigombe ndiye aliyejibu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Amefunga ushungi," akasema. "Kabla ya kuamkia. Siye sote twafanya hivyo."

Mkufunzi hakulijua jambo hilo, kwao hawana. Akafurahi kulipata, akaliandika, akawaeleza wengine kwamba ndiyo maana anataka tutumie mikono, kwa sababu mtu ukimuuliza hawezi kukwambia kitu ambacho mwili wake unakifanya bila ya kumuaga. Wanawake wa ukumbi mzima wakaanza kujishika kidevu na kucheka kwa aibu. Nikaomba ruhusa, nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji. Nilikuwa nahesabu. Kutoka ile jioni ya simu mpaka jioni ya kikohozi, mara ngapi niliingia ukumbini nimenawa, nikasimama mlangoni, nikaweka vidole viwili chini ya kidevu, nikavuta, nikakaza. Ushungi ule ule niliotoka nao wodini. Kila siku nilinawa, kweli. Sikusema uongo mbele ya wale wanawake. Na kila siku, hatua tatu kabla ya kumfikia, niliuchukua upya uchafu wote na kumpelekea mkononi, kwa heshima, kama alivyonifundisha mwenyewe.

Nililia. Silii mara nyingi, na nikilia sura yangu haipendezi, kwa hiyo nilimsikia mkufunzi akija nyuma yangu nikajifanya naosha uso. Hakudanganyika. Nikamuuliza moja kwa moja, kama mtu alifanya hivi siku nyingi, na mzee wake akafa, je, ni yeye aliyemuua?

Hakunikimbilia na pole. Nilimheshimu kwa hilo, maana wengi wangefanya hivyo.

"Mama, hiyo taa yaonyesha njia tu," akasema. "Ugonjwa huu hupita zaidi kwenye pumzi. Wageni waliingia, wewe mwenyewe ulipumua naye nyumba moja. Hakuna taa itakayokuonyesha ugonjwa ulipitia wapi."

Alikuwa anasema kweli, nami mambo hayo nayajua. Lakini njia ilikuwepo, na mimi niliapa kwamba haikuwepo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Ushongo. Sikumpigia simu wifi kumwambia nakuja, kwa kuogopa kwamba atasema nisije. Nilifika Pangani asubuhi, nikavuka kwa pantoni, nikachukua bodaboda mpaka kwao. Njia nzima nilikuwa nikijipangia maneno, na neno moja tu nililiwekea ulinzi. Ile simu sitaitaja. Nilikuwa nimeibeba miaka yote kama silaha ya akiba, najua fika kwamba siku yoyote nikiamua naweza kumpiga nayo. Sasa nilikuwa nakwenda kukiri langu, na mtu hakiri kosa lake huku amemshikia mwenzake bakora nyuma ya mgongo.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Hupika chakula cha wageni wa ile hoteli ndogo ya ufukweni, na nazi zilikuwa zimerundikwa pembeni yake. Alikuwa amezeeka. Alipaswa kuniona na mimi nimezeeka, lakini hakuinua macho muda wa kutosha. Akasema karibu kwa midomo, akaniashiria kigoda, akaendelea kukuna.

Nikamweleza. Sikuzunguka. Nikamwambia niliapa mbele yake kwamba nilinawa, na nilinawa, lakini nimekwenda kwenye mafunzo nikaonyeshwa kwamba baada ya kunawa nilikuwa nikishika ushungi. Nikamuonyesha kwa mikono yangu. Ndoo hii hapa, mlango huu hapa, kidevu, mkono wa mama. Nikamwambia sina uhakika kama ndivyo ugonjwa ulivyoingia, na hakuna mtu atakayekuwa na uhakika, lakini siku ile aliposema mimi ndiye niliyemletea, mimi nilijibu kama vile haiwezekani. Iliwezekana. Nimekuja kumwambia hivyo tu, anisamehe kama anaweza.

Wifi aliendelea kukuna, kwa nguvu zaidi, na nikaona chini ya mbuzi kwamba nyama nyeupe ilikuwa imeshakwisha zamani na unga wa kahawia wa kifuu unamwagikia kwenye nazi ya wageni. Sikumwambia.

"Na ile simu?" akauliza, macho yako kwenye kifuu.

"Simu gani, wifi?"

"Niliyokupigia. Ya mkono wa mama."

"Mie sikumbuki simu," nikamwambia.

Hapo ndipo aliponitazama. Ananijua. Tumepika pamoja mambo ya harusi na ya misiba miaka mingi, na anajua kwamba mimi sisahau hata nani alikosa kurudisha sufuria. Alinitazama mpaka nikaanza kuona shida ya kukaa. Kisha machozi yakamtoka bila ya uso wake kubadilika hata kidogo, akayaacha yakashuka, kwa sababu mikono yake yote ilikuwa na nazi.

"Naikumbuka mimi," akasema. "Kila siku naikumbuka."

Nilielewa wakati ule kwa nini hakuja Chumbageni. Si kwamba hakutaka kuniona mimi. Alikuwa akiogopa kile kiti, na kumkuta mtu anayejua. Miaka yote nimekaa peke yangu na kiapo changu, naye amekaa peke yake na simu yake, Pangani ikiwa katikati, na kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye amani. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini nilikuwa nimeshasema sikumbuki, na kama ningeyarudisha maneno yangu ningekuwa nimempa haki ya kuumia zaidi. Baadaye akaitupa ile nazi yote, akaanza nyingine, na mimi nikachukua kisu nikamsaidia kumenya vitunguu.

Hakunibembeleza nilale. Nilipoaga, akanawa mikono, akanisindikiza mpaka njiani, jambo ambalo si dogo. Bodaboda alipofika, wifi akasimama mbele yangu. Vidole vyake vikapanda, viwili, chini ya kidevu. Akavuta, akakaza. Halafu akajishtukia. Mkono aliokuwa ananinyooshea ukasimama katikati, akautazama, akataka kuurudisha.

Niliuwahi. Nikaushika, nikakaa nao. Hakusema atakuja Chumbageni na mimi sikumuuliza.

Nilifika nyumbani baada ya alasiri, jua bado liko juu. Barazani nilinawa kwenye ndoo, hatua zote, bila ya haraka. Nikafungua mlango. Nilipokaribia ukumbi mikono ikapanda yenyewe, vidole viwili, na nikaisimamisha chini kidogo ya kidevu, kama vile mwenzangu wa Kigombe yuko mbele yangu ananisomea. Nikasimama hivyo. Kiti kilikuwa pale pale. Kisha nikakumbuka kwamba mle ndani hakuna mtu wa kumdhuru, nikaufunga ushungi wangu vizuri, nikaingia.